Mtakatifu Yohane Bosco na Sikukuu za Watoto wa Shule

Katika mwaka wa jubilei kila parokia hutazama nyuma, ikahesabu makanisa yaliyojengwa, mapadre waliopewa Daraja, na Wakristu waliobatizwa. Hayo yote ni mema, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa ajili yake. Lakini kuna siku nyingine ambazo hazimo katika hesabu, nazo ni sikukuu za shule zetu. Sote twazijua. Wazazi huketi kivulini, watoto huja na nguo zilizofuliwa, huimba, huigiza, hukimbia mashindano, na jua likielekea kushuka majina ya waliofaulu husomwa. Mara nyingi majina yenyewe ni matatu tu. Walioitwa hupokea zawadi, na wale wengine wote hupiga makofi, kisha hurudi nyumbani mikono mitupu.

Basi yafaa kuuliza: sikukuu ya shule ni ya nani? Ni ya wale watatu, au ni ya shule nzima na kijiji chake? Alikuwako padre mmoja aliyelijibu swali hilo kwa maisha yake yote, naye ni Mtakatifu Yohane Bosco wa Torino, katika nchi ya Italia. Nitasimulia habari zake kwa ufupi, ili waalimu na wazazi wapate kuona jinsi mtu mmoja maskini alivyoweza kuifanya furaha ya watoto kuwa njia ya kuwaleta kwa Mungu.

Utoto wake

Yohane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo. Siku zile Italia ilikuwa haijawa taifa moja, na nchi ile ilikuwa chini ya mfalme wa Sardinia, aliyekaa Torino. Baba yake, Francesco, alikuwa mkulima. Alikufa mwezi wa Mei 1817, mtoto akiwa hajatimiza hata miaka miwili. Mama yake, Margherita, akabaki mjane mwenye watoto watatu wa kulea, yaani Antonio, mwana wa mke wa kwanza wa marehemu, na Giuseppe, na Yohane mdogo. Mama huyo hakujua kusoma wala kuandika, lakini alizijua sala na mafundisho ya dini, akawafundisha wanawe kwa mdomo, na kwa mfano wake zaidi.

Alipokuwa na miaka kama tisa, Yohane aliota ndoto ambayo haikumtoka moyoni maisha yake yote. Alijiona kati ya watoto wengi waliokuwa wakipigana na kutukana, naye akawaendea kwa ngumi ili kuwanyamazisha. Ndipo akatokea Bwana mmoja mwenye heshima, akamwonya kwamba hatawapata hao kwa mapigo, bali kwa upole na mapendo.

Tangu hapo mtoto huyo akaanza kazi yake kwa namna ya kitoto. Siku za gulio alikwenda kuwatazama wacheza viinimacho na watembea juu ya kamba, akaziangalia mbinu zao kwa makini, akarudi nyumbani kujifunza mwenyewe, akianguka na kuinuka. Hata alipokwisha kuwa hodari, siku za Jumapili alifunga kamba katikati ya miti, na majirani wakubwa kwa wadogo wakaja kutazama. Lakini kiingilio chake hakikuwa fedha. Kwanza watu walisali Rozari, kisha Yohane akawarudia mahubiri aliyoyasikia kanisani asubuhi, na baada ya hayo ndipo alipopanda juu ya kamba. Asiyetaka kusali hakutazama mchezo. Hiyo ndiyo sikukuu yake ya kwanza, nayo ilikuwa ya kijiji kizima.

Mwanafunzi aliyechelewa

Kusoma hakukuwa rahisi kwake. Ndugu yake Antonio alichukizwa kumwona na vitabu, akasema kwamba mkono wa mkulima ni wa jembe. Ugomvi ukazidi nyumbani, hata mnamo mwaka 1828 mama akalazimika kumtoa Yohane, akaenda kuwa kibarua katika shamba la watu, mbali na wa kwao. Alikaa huko karibu miaka miwili, akilisha ng'ombe, na kitabu mkononi.

Katika mwezi wa Novemba 1829 ilihubiriwa jubilei katika kanisa la Buttigliera, na watu wa vitongoji vya jirani wakaenda kusikiliza. Njiani katika kurudi, padre mzee aitwaye Calosso alimwona kijana mmoja mdogo kati ya watu wazima, akamwuliza kama ameelewa neno lolote. Akamwahidi vijisenti vichache akiweza kurudia hata maneno manne ya mahubiri. Yohane hakurudia maneno manne tu. Aliyarudia mahubiri kwa mfululizo, watu wakisimama njiani kumsikiliza. Padre Calosso akastaajabu, akamchukua na kuanza kumfundisha Kilatini.

Angalieni, enyi waalimu, jinsi jambo hili lilivyotokea. Haukuwa mtihani, wala hakukuwa na cheti. Mzee mmoja alimwuliza mtoto maskini swali moja mbele za watu, akamngoja ajibu. Kipaji kilikuwamo tangu zamani, lakini hakuna aliyekuwa amekiuliza. Bahati mbaya, padre huyo alikufa baada ya mwaka mmoja, mwezi wa Novemba 1830, na Yohane akaachwa tena kama yatima.

Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1831 akaingia shule ya mji wa Chieri. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, akaketishwa katika darasa la chini pamoja na watoto wadogo, akiwapita wote kwa kimo. Aliivumilia aibu hiyo, akasoma kwa bidii hata akavuka madarasa matatu katika mwaka mmoja. Ili kulipia chakula na malazi yake alifanya kazi za mikono na kuwafundisha watoto wa wenye nyumba. Hapo Chieri aliwakusanya wenzake, wakafanya chama walichokiita Chama cha Furaha. Kanuni zake zilikuwa chache: kila mmoja atimize wajibu wake wa shule na wa dini, asitende wala kusema lisilomfaa Mkristu, naye awe na furaha.

Ilitokea siku zile kwamba bingwa mmoja wa michezo alikuwa akicheza hadharani saa za ibada ya Jumapili, na vijana wakaliacha kanisa. Yohane alimwendea akashindana naye, kwanza kwa mbio, kisha kwa kuruka, kisha kwa fimbo ya kiinimacho, na mwisho kwa kupanda mti. Akamshinda mara zote, na fedha iliyowekwa rehani ikawa mali ya vijana. Yule bingwa alikuwa karibu kufilisika kabisa. Lakini hawakutaka kumwangamiza. Walimrudishia fedha yake kwa sharti kwamba awafanyie karamu chama chote, wakala pamoja naye. Ndivyo Yohane alivyojifunza kushinda, maana ushindi wake ulimwacha na watu wengi mezani, na yule aliyeshindwa alikuwa mmoja wao.

Padre wa vijana

Alipewa Daraja ya Upadre mjini Torino tarehe 5 Juni 1841. Siku zile mji ulikuwa ukikua upesi. Vijana wengi walitoka mashambani kutafuta kazi ya kuwasaidia waashi na mafundi. Wengine walikuwa na miaka minane au kumi tu, wasio na wazazi karibu, wasiojua kusoma, na Jumapili wakazurura mitaani. Padre Bosco alitembelea magereza, akahuzunika sana kuona humo vijana wenye afya na akili, akafahamu kwamba wengi wao waliangukia humo kwa kuwa hakuna aliyewajali walipotoka nje mara ya kwanza.

Tarehe 8 Desemba 1841, Sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa wa Dhambi ya Asili, alikuwa katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi akijitayarisha kwa Misa. Mtunza kanisa alikuwa akimpiga na kumfukuza kijana mmoja asiyejua kutumikia Misa. Padre akamwita kijana yule arudi, akamwita rafiki yake, akamwuliza habari zake. Jina lake Bartolomeo Garelli, naye alikuwa yatima asiyejua kusoma wala kuandika. Wakasali pamoja, na somo la kwanza likawa Ishara ya Msalaba. Jumapili iliyofuata Garelli alikuja na wenzake. Toka hapo wakaongezeka hata wakawa mamia.

Lakini wengi pia ni taabu. Hawakuwa na mahali pao. Walihamishwa kutoka uwanja hata uwanja, maana majirani walizichukia kelele zao, na wenye nyumba wakaogopa maua yao. Mapadre wengine walinung'unika kwamba vijana wanaondolewa katika parokia zao. Wakuu wa mji waliona mkusanyiko ule kuwa hatari, wakatuma askari kuuangalia. Hata wapo waliodhani kwamba Padre Bosco amerukwa na akili, kwa sababu alizungumza daima juu ya nyumba kubwa na viwanja na kanisa, hali hakuwa na kitu. Mapadre wawili walikuja na gari la farasi kumchukua kwa hila mpaka hospitali ya wendawazimu. Yeye aliwatambua, akawapisha waingie kwanza kwa heshima, akaufunga mlango, akamwamuru mwenye gari aende zake upesi. Wakafika huko wao wenyewe.

Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, vijana waliingia katika banda la mtu aitwaye Pinardi, mtaa wa Valdocco. Lilikuwa banda la chini mno, wakalifanya kanisa. Mwezi wa Julai mwaka huohuo padre aliugua kwa kazi nyingi, akawa karibu na kufa. Waashi wale wadogo, waliobeba mawe na chokaa mchana kutwa, walifunga na kusali kwa zamu ili apone. Naye alipopona aliwaambia kwamba kwa kuwa uhai wake wameuomba wao, basi ni haki autoe wote kwa ajili yao. Tarehe 3 Novemba alirudi kutoka Becchi pamoja na mama yake Margherita, wakitembea kwa miguu. Mama mzee akawa mama wa wale wote wasio na mama.

Shule ya usiku

Kazi ya kwanza ilikuwa kufundisha dini na kusoma. Mchana vijana walikuwa kazini, kwa hiyo shule ilikuwa ya usiku na ya Jumapili. Waalimu hawakuwako, na fedha ya kuwaajiri haikuwako. Basi Padre Bosco aliwachagua vijana wenye akili, akawafundisha bure, nao wakawafundisha wenzao. Vitabu vilikuwa vigumu, kwa hiyo akaandika vyepesi yeye mwenyewe. Mwaka 1845 alitoa Historia ya Kanisa, na mwaka 1847 Historia Takatifu, kwa maneno ambayo mtoto wa kazi angeweza kuyafahamu.

Serikali ilipoagiza kwamba kuanzia mwaka 1850 vipimo vipya vya meta, lita na kilo vitumike katika nchi yote, watu maskini waliingiwa na hofu ya kupunjwa sokoni. Padre Bosco aliandika kitabu kidogo cha kuvieleza. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alitunga mchezo wa kuigiza juu ya vipimo hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1849 vijana wake waliucheza mbele ya wageni na jamaa zao, wakaigiza watu waliokosea na kusahihishana katika hesabu. Watu walicheka sana, wakatoka wakiwa wamejua. Kati ya waliotazama alikuwamo Padre Ferrante Aporti, aliyejulikana katika Italia yote kwa shule za watoto wadogo, naye akausifu.

Kadhalika mitihani ya shule ya usiku ilifanywa hadharani. Vijana wa viwandani walisimama mbele ya mabwana wa mji, wakajibu maswali ya hesabu na historia, wakaimba kwa kufuata noti. Wakuu wa mji walituma watu wa kukagua shule hiyo, nao waliporidhika wakaiwekea msaada wa faranga 300 kila mwaka. Ndiyo serikali ileile ya mji iliyokuwa imetuma askari. Mtihani wa hadhara ulifanya kile ambacho maneno mengi yalishindwa kukifanya.

Askofu katika banda la Pinardi

Tarehe 29 Juni 1847, siku ya Watakatifu Petro na Paulo, vijana walifanya sikukuu ya Mtakatifu Aloisi. Askofu Mkuu Fransoni mwenyewe alikuja kutoa Kipaimara. Kanisa lilikuwa lile banda. Alipovikwa kofia yake ya kiaskofu, akasahau kwamba hayumo katika kanisa kuu, akainua kichwa kwa haraka, na ncha ya kofia ikagonga dari. Yeye na waliokuwapo wakacheka. Baada ya ibada vijana waliigiza mchezo mfupi wa kuchekesha juu ya koplo mmoja wa Napoleon, na Askofu alifurahi mno.

Yatupasa kukumbuka habari hii tunapoona aibu juu ya madarasa yetu ya udongo na mabati yanayovuja. Askofu Fransoni hakuja kuitazama dari. Alikuja kuwatazama vijana, nao walijua hivyo. Mtoto wa mwashi, ambaye siku sita za juma alisukumwa na kutukanwa, siku ile aliguswa kichwa na Askofu, akapigiwa makofi na wakubwa wa mji. Hakuna hotuba iwezayo kumfundisha mtoto thamani yake kama siku ya namna hiyo.

Zawadi na kura

Sasa nataka kueleza juu ya zawadi, maana hapo ndipo sisi hukosea mara kwa mara.

Padre Bosco hakuzikataa zawadi. Waliosoma vizuri walituzwa mbele za watu. Lakini palikuwa na zawadi nyingine iliyoheshimiwa zaidi, iliyotolewa katika sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa nyumba ile, ambayo siku zile iliadhimishwa tarehe 29 Januari. Zawadi hiyo ilikuwa ya mwenendo mwema, nayo haikuamuliwa na waalimu. Vijana wenyewe walipiga kura, kila mmoja akaandika katika kikaratasi majina ya wenzake aliowaona kuwa wema kuliko wengine. Mwalimu huweza kudanganywa na mtoto mwenye maneno matamu. Wenzake, wanaolala naye, wanaocheza naye na kugawana naye mkate, hawadanganyiki.

Kati ya vijana waliopendwa na wenzao alikuwa Domenico Savio, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1842, akaingia Valdocco mwezi wa Oktoba 1854. Alikuwa mwembamba, mwenye afya dhaifu, na hodari katika masomo. Siku moja wanafunzi wawili walikubaliana kupigana kwa mawe mpaka mmoja ashindwe. Domenico akawafuata mpaka mahali pa vita, akasimama katikati yao na msalaba mkononi, akawataka wamtupie yeye jiwe la kwanza. Mawe yakawaanguka mikononi, wakapatana. Mwaka 1856 alianzisha na wenzake chama cha Maria Mkingiwa, kilichokuwa na kazi ya kuwaangalia wageni na wale waliokuwa peke yao uwanjani. Alikufa kwao tarehe 9 Machi 1857, akiwa karibu na kutimiza miaka kumi na mitano. Kanisa lilimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 12 Juni 1954.

Na mtoto asiyepata kitu je? Yasimuliwa kwamba siku moja Padre Bosco alikuwa akigawa medali, na watoto wakamzunguka kwa kusukumana. Mtoto mmoja aitwaye Michele Rua, aliyefiwa na baba, alisimama nyuma, na zamu yake ilipofika medali zilikuwa zimekwisha. Padre akamnyoshea mkono wake wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akafanya kama anayeukata katikati ampe nusu. Mtoto hakufahamu. Baada ya miaka alielezwa maana yake, kwamba wao wawili watagawana kila kitu nusu kwa nusu. Naam, huyo Rua akawa padre, akawa msaidizi wake wa kwanza, na mwaka 1888 akaushika mzigo wote baada yake, akauchukua mpaka mwaka 1910. Yule aliyekosa medali alipewa mkono wenyewe.

Mioyo miwili ya fedha

Upendo huo haukukosa majaribu. Vijana wa kwanza aliowalaza nyumbani mwake walitoroka usiku na mablanketi. Wengine waliikanyaga bustani ya Mama Margherita katika mchezo wa vita, wakaharibu mboga zote, hata mama huyo akachoka akataka kurudi Becchi. Padre Bosco hakumjibu kwa maneno. Alimwonyesha msalaba uliotundikwa ukutani. Mama akanyamaza, akafunga tena aproni yake, akakaa mpaka alipokufa tarehe 25 Novemba 1856.

Lakini palikuwa na faraja pia. Alikuwapo mwanafunzi wa kinyozi, jina lake Carlo Gastini. Padre Bosco alimkuta dukani, akamwomba amnyoe yeye, ingawa kijana alikuwa bado hajazoea wembe, na wengine walimwogopa. Baadaye Gastini alipofiwa na mama na kukosa pa kulala, padre akamchukua nyumbani. Katika mwaka 1849, ilipokaribia sikukuu ya jina la padre, tarehe 24 Juni, siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, Gastini na rafiki yake Felice Reviglio walijinyima kwa siri kwa miezi, wakiweka akiba vijisenti walivyopata. Kisha wakanunua mioyo miwili midogo ya fedha. Usiku wa kuamkia sikukuu waligonga mlango wake wakampa.

Baada ya miaka mingi, tarehe 24 Juni 1870, huyo Gastini, akiwa sasa mtu mzima na fundi wa kujalidi vitabu, aliwaongoza wenzake wa zamani wakarudi Valdocco na zawadi ndogo ili kumshukuru padre wao. Wakaendelea kufanya hivyo kila mwaka, na toka hapo kikatokea chama cha wanafunzi wa zamani wa Don Bosco.

Matunda

Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia Torino, na watu wengi wakawakimbia hata jamaa zao. Padre Bosco aliwauliza vijana wake ni nani atakayekwenda kuwasaidia wagonjwa, nao wakajitolea. Waliingia nyumba ambazo wengine hawakuthubutu kuzikaribia, wakawabeba na kuwaosha wagonjwa. Mama Margherita alitoa mashuka ya nyumba. Hakuna hata mmoja wa vijana hao aliyekufa. Hapo mji wote uliona kwamba waliozoezwa kufurahi pamoja wamezoezwa pia kuteseka kwa ajili ya wengine.

Kila mwaka wakati wa mavuno ya zabibu aliwapeleka vijana Becchi kwa sikukuu ya Rozari, na baadaye vijiji vya mbali zaidi, mpaka mwaka 1864. Walitembea kwa miguu, na tarumbeta zikitangulia. Jioni waliigiza na kuimba katika uwanja wa kijiji, asubuhi wakapokea Sakramenti pamoja na wenyeji, na wanakijiji wakawapa chakula. Tarehe 9 Juni 1868 kanisa kubwa la Bikira Maria Msaada wa Wakristu likawekwa wakfu pale Valdocco, karibu na mahali pa lile banda, na sikukuu yake ikadumu siku nane.

Mwaka 1859 alianza pamoja na vijana wake Shirika la Wasalesiani, na mwaka 1872, pamoja na Maria Mazzarello, Shirika la Mabinti wa Maria Msaada wa Wakristu, kwa ajili ya wasichana. Tarehe 11 Novemba 1875 wamisionari wa kwanza waliagwa kwenda Argentina. Kiongozi wao alikuwa Giovanni Cagliero, aliyeingia Valdocco mtoto mwaka 1851. Huyo alifanywa Askofu mwaka 1884 na Kardinali mwaka 1915. Mwaka 1911 Wasalesiani walifika Elisabethville, mji uitwao sasa Lubumbashi, katika Kongo, na mwaka 1980 wakaingia Tanzania.

Padre Bosco alikufa alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Maelfu ya watu walimsindikiza. Papa Pius XI, ambaye alipokuwa padre kijana aliwahi kukaa siku chache nyumbani mwake Valdocco, alimtangaza kuwa Mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934.

Mafundisho yake kwetu

Basi, ndugu waalimu na wazazi, tusiache kuwatuza watoto wanaofaulu. Bidii yastahili sifa, na kijana aliyevuka madarasa matatu kwa mwaka mmoja alijua hayo kuliko sisi. Lakini orodha ya majina matatu isiwe ndiyo sikukuu yote. Mwaka huu wa jubilei tunaweza kuwapa watoto kura ya kumchagua mwenzao mwema. Tunaweza kuwapa wote la kuigiza au la kuimba. Tunaweza kuwaalika wanafunzi wa zamani, hata wale ambao hawakufika mbali, maana Gastini hakuwa Kardinali, naye ndiye aliyewarudisha wenzake. Na majina yakiisha kusomwa, mwalimu atazame nyuma ya umati. Yuko mtoto aliyesimama huko mikono mitupu, na huenda Mungu amempangia nusu ya kazi yetu.

Mtakatifu Yohane Bosco, baba na mwalimu wa vijana, utuombee.